Bibi Yetu na Nyimbo za Buyungu

Katika siku za jubilei ni desturi kutaja maaskofu na mapadre, na ni haki. Yatupasa kukumbuka ya kuwa Vikarieti ya Kitume ya Kigoma iliundwa mwaka 1946, chini ya Askofu Joannes van Sambeek wa Shirika la Mapadre Weupe, na ya kuwa mwaka 1953 ilifanywa jimbo kamili. Lakini imani haikukaa katika nyumba za mapadre peke yake. Ilikaa jikoni pia, penye mafiga. Kwa hiyo nataka kumkumbuka mama mzazi wa baba yangu, mwenyeji wa Kakonko katika nchi ya Buyungu.

Mwaka aliozaliwa hakuujua. Alijua tu ya kuwa alikuwa binti mdogo wakati serikali ya Waingereza ilipowahamisha watu wa Kibondo wakae pamoja katika makazi mapya, kwa ajili ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Mambo hayo yalitendeka katika miaka ya 1930. Baba yake alikuwa mpiga inanga. Jioni alizipiga nyuzi zake akiimba habari za ng'ombe na za watawala wa kale, naye binti aliketi karibu akishika kila neno.

Alipotaka ubatizo alifundishwa miaka minne, kama ilivyokuwa kanuni ya Kardinali Lavigerie kwa mapadre wake. Huko mwalimu alimwambia ya kuwa nyimbo za nyumbani ni za kipagani, azisahau. Alitii, akaimba kanisani kwa Kilatini asichokielewa. Lakini kusahau hakuweza. Usiku aliwabembeleza watoto kwa sauti zile zile za inanga, ila maneno aliyageuza, akalitaja jina la Imana, yaani Mungu, na majina ya watakatifu.

Babu yetu alikwenda manamba katika mashamba ya katani ya Tanga, kama walivyokwenda Waha wengi wa siku zile. Bibi alibaki akilima muhogo na maharage, akiwalea watoto peke yake. Nilipomwuliza alivyovumilia, alinijibu: "Mjukuu wangu, rozari yangu ilikatika, wala sikuwa na nyingine. Basi nilisali kwa kuimba, nikihesabu kwa punje za maharage." Na katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alihama tena; mitungi aliiacha, lakini inanga ya baba yake aliichukua kichwani.

Hata mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza ya kuwa muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Baada ya hapo Misa ikasaliwa kwa Kiswahili, na ngoma zikaingia kanisani. Nimesimuliwa ya kuwa wanakwaya walimwendea Bibi kumwomba sauti za kale. Alicheka, akasema: "Mimi nilikaa katekumeni miaka minne, nyimbo zangu zimekaa zaidi ya ishirini. Zilikuwa na dhambi gani?" Kisha akawafundisha.

Hapa nakiri kosa langu. Mimi ni katekista, najua kusoma na kuandika. Mara nyingi Bibi aliniita niziandike nyimbo zake, nami nikajibu, "Kesho." Alipofariki nilikuwa nimeandika saba tu. Siku ya mazishi tuliziimba zote saba, zikaisha kabla kaburi halijajaa. Tukasimama kimya, tukisikia majembe tu.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja wenu mwenye mzee nyumbani, achukue daftari aende kuketi naye leo jioni. Naye Mungu amrehemu Bibi yetu, na nyimbo zake alizokwenda nazo azipokee.