Kinyozi wa Durham na Wenzake

Tukitaja Wamarekani weusi katika redio zetu huwa tunawataja watu wa aina tatu: mwanamuziki, mwanamichezo na mtu aliyepigwa risasi na polisi. Ni nadra kumsikia mtu akitaja benki. Leo basi naomba tuzungumzie benki, kampuni ya bima na kinyozi mmoja, katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina.

Kinyozi huyo aliitwa John Merrick. Alizaliwa mtumwa mwaka 1859. Utumwa ulipofutwa alifanya kazi ya matofali, akang'arisha viatu, akajifunza kunyoa. Mwaka 1880 akahamia Durham, mji uliokuwa unakua kwa kasi kwa sababu ya viwanda vya tumbaku. Mweusi akihitaji kazi, kiwandani ilikuwepo, ingawa ile chafu na ya mshahara mdogo. Merrick hakwenda kiwandani. Alinyoa wenye viwanda. Miongoni mwa wateja wake alikuwa Washington Duke, mzee wa ukoo tajiri wa tumbaku. Baada ya miaka michache kinyozi huyu alikuwa na maduka kadhaa ya kunyolea, mengine ya wazungu na mengine ya weusi, maana sheria na desturi za wakati ule hazikuruhusu vichwa viwili vya rangi tofauti kukaa kiti kimoja.

Mwaka 1898 Merrick alikaa na wenzake sita. Kila mmoja akatoa dola 50, wakaanzisha chama cha bima. Alikuwemo Dakta Aaron Moore, tabibu mweusi wa mji huo, na James Shepard, ambaye mwaka 1910 alikuja kufungua chuo kinachoitwa leo North Carolina Central University. Wazo lenyewe halikuwa geni. Kwetu tunavyo vyama vya kuzikana: kila mwezi unatoa chochote, ukifiwa wenzako wanakusitiri. Weusi wa Marekani nao walikuwa navyo, kupitia makanisa na vyama vya udugu. Jipya ni kwamba watu hawa saba walitaka jambo hilo liwe kampuni kamili, yenye vitabu vya hesabu na mawakala.

Tusisahau mwaka wenyewe. Miaka miwili nyuma, mwaka 1896, mtakwimu wa kampuni kubwa ya bima ya wazungu alikuwa ametoa kitabu kizima kudai kwamba watu weusi hawafai kukatiwa bima kwa kuwa eti ni watu wa kufa na kwisha. Na Novemba ya mwaka huo huo wa 1898, katika mji wa Wilmington, jimbo hilo hilo, wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa na wananchi, wakaua weusi na kuwafukuza viongozi wao. Mtu mweusi aliyekuwa na biashara siku zile alijua kwamba inaweza kuchomwa kabla ya jua kuzama. Merrick aliwashauri watu wake hadharani waachane na mbio za vyeo vya siasa, wajenge biashara na kununua ardhi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo. Mimi naona lawama hiyo ni nyepesi mno ukiwa umekaa mbali na Wilmington, ila nakiri kwamba ushauri huo ulikuwa na gharama yake, nayo tutaiona mbele.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wanachama wengi wa kwanza walijitoa, wakabaki Merrick na Dakta Moore. Wakamwajiri mpwa wa daktari, Charles Clinton Spaulding, kijana aliyekuwa akiendesha duka la vyakula. Yeye ndiye alikuwa meneja, wakala na mfagiaji. Inasimuliwa kwamba dai la kwanza la kifo lilikuwa dola 40, na fedha hizo hazikuwemo katika sanduku la kampuni. Wakubwa wale wakatia mikono mifukoni mwao wenyewe, wakalipa. Spaulding akaichukua ile risiti akazunguka nayo kila mahali kuwaonyesha watu: tazameni, tunalipa! Kwa watu waliozoea kudanganywa na kila mwenye kalamu, karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko tangazo lolote.

Kampuni hiyo, North Carolina Mutual, ilikua ikawa kubwa kuliko zote za bima zilizomilikiwa na weusi Marekani. Mwaka 1907 baadhi ya waanzilishi wake pamoja na wengine wakaunda benki, Mechanics and Farmers, yaani ya mafundi na wakulima, iliyofungua milango mwaka 1908 katika mtaa wa Parrish. Faida yake kwa mtu wa kawaida ilionekana miaka ya 1920, pale ilipokopesha zaidi ya dola 200,000 na kuokoa mashamba na nyumba za weusi zaidi ya 500 zilizokuwa zinakwenda mnadani. Hapo ndipo unaelewa kwa nini benki ni jambo la uhai. Shamba likishauzwa, baba anarudi kulima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na watoto nyuma yake.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na mtaa wa Hayti, uliopewa jina la nchi ambayo weusi waliwatoa wakoloni. Maduka, sinema, makanisa, hoteli, nyumba za matajiri na za makabwela, vyote pamoja. Na hapa ndipo gharama niliyoitaja ilipojitokeza. Mwaka 1962 wapiga kura wa Durham waliulizwa kama mji ukope fedha za kubomoa mitaa chakavu na kuijenga upya. Viongozi weusi, wakiwemo wakubwa wa benki, waliunga mkono. Waliahidiwa nyumba bora na maduka mapya. Zikaja tingatinga. Familia zaidi ya 4,000 na biashara zipatazo 500 ziliondolewa, na katikati ya Hayti ikapitishwa barabara kuu ya magari. Ujenzi mpya ulioahidiwa, sehemu kubwa yake haukuonekana. Nimehudhuria sherehe nyingi za kukata utepe katika kazi hii, na kila nikisoma habari za Hayti nakumbuka kwamba ahadi ya jukwaani haina tarehe.

Kampuni ya bima nayo haikudumu. Ubaguzi wa kisheria ulipokufa, kampuni kubwa za wazungu zilianza kuwafuata wateja wale wale walioitwa watu wa kufa na kwisha. Mwaka 2018 North Carolina Mutual iliwekwa chini ya uangalizi wa jimbo, na mwaka 2022 ikaamriwa kufilisiwa. Miaka zaidi ya 120!

Lakini benki ipo. Imepita katika mdororo wa miaka ya 1930, mwaka 2008 ikameza benki nyingine ya weusi mjini humo, na ina matawi Durham, Raleigh, Charlotte, Greensboro na Winston-Salem. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliiwekea mtaji wa dola milioni 80, chini ya mpango wa kuzisaidia benki za jamii zilizosahauliwa. Katika jumba refu lililojengwa na kampuni ya bima miaka ya 1960 pamekuwa na kituo cha wajasiriamali kilichojipa jina la Provident 1898, kumbukumbu ya wale saba na dola zao hamsini hamsini.

Mji wenyewe, wenye watu karibu 300,000, uliongozwa na meya mweusi Bill Bell kuanzia 2001 hadi 2017. Mwishoni mwa 2023 akaapishwa Leonardo Williams, aliyekuwa mwalimu. Yeye na mkewe, mzaliwa wa Zimbabwe, walifungua mkahawa wa vyakula vya kwao mama mwaka 2018. Naam, sadza, ndugu yake ugali wetu, katika mji wa tumbaku.

Meya huyo amekalia kiti ambacho Merrick aliwaambia watu wake wasikikimbilie, na shida anazoletewa si zile za 1898. Vyuo vikuu na makampuni ya utafiti yameleta fedha nyingi Durham, bei za nyumba zimepanda, na mitaa ya weusi iliyonusurika tingatinga sasa inanunuliwa nyumba moja baada ya nyingine, kwa hiari na kwa hati halali. Mjane aliyerithi nyumba ya wazazi wake anapandishiwa kodi ya jengo mpaka anauza. Halmashauri haiwezi kumzuia asiuze. Benki inaweza kumkopesha afanye ukarabati, au kumkopesha mpwa wake ainunue, iwapo mpwa ana kipato cha kutosha kulipa. Wengi hawana.