Mianzo na Tamati za Ajua: Elimu ya Mchezo wa Ubao Kusini mwa Nyanza

Elimu ya sataranji imegawanywa tangu zamani katika sehemu tatu, yaani mianzo, ambayo ni hatua za kwanza za kupanga vikosi, kisha pambano la katikati, na mwishowe tamati, ambapo vikosi vimebaki vichache na kila hatua inaweza kuhesabiwa hadi mwisho wake. Katika karne ya 10, as-Suli wa Baghdad, mchezaji wa ikulu ya makhalifa, aliandika juu ya mianzo na akaacha fumbo moja la tamati lililowashinda wajuzi kwa zaidi ya miaka elfu moja, hadi Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, alipolifumbua katika miaka ya 1980. Kwa kuwa elimu hiyo ilihifadhiwa vitabuni, imezoeleka kudhaniwa kwamba mahali pasipo na vitabu vya mchezo hapana elimu ya mchezo. Dhana hiyo ni dhaifu, na udhaifu wake unaonekana wazi katika eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Waluo wamecheza ajua kwa vizazi vingi bila kuandika hatua hata moja.

Ajua ni mchezo wa watu wawili wanaokaa kuelekeana, kati yao pakiwa na safu mbili za vishimo vilivyochongwa kwenye gogo au kuchimbwa ardhini, na kete zake ni mbegu ngumu au vijiwe. Mchezaji huchota kete zote za kishimo kimoja na kuzipanda moja moja katika vishimo vinavyofuata, naye hula kete za mwenzake kulingana na mahali mkono wake unapoishia. Michezo ya jamaa hii imeenea karibu Afrika nzima, na upande wa mashariki ina historia ndefu kuliko maandishi yanayoihusu: Étienne de Flacourt alitaja mchezo wa namna hiyo Madagaska katika kitabu chake cha mwaka 1658, na huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alifukua mnamo 1937 na 1938, kuna mbao zilizochongwa juu ya mwamba wenyewe.

Migori nayo ina ushahidi wa aina hiyo. Katika Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, mgeni huonyeshwa mwamba wenye vishimo vilivyojipanga safu, vinavyotambuliwa kuwa ubao wa ajua. Inakadiriwa kwamba kuta hizo, ambazo mahali pengine hufikia takriban mita nne, zilianza kujengwa karne ya 16, na jamii mbalimbali, Wabantu na Waluo, zilipokezana kuishi ndani yake hadi karne ya 20. Umri wa ngome, hata hivyo, si umri wa ubao, kwa sababu kishimo katika jiwe kinaweza kuchongwa alasiri yoyote ya kizazi chochote, na ni haki kutahadhari na maelezo ya watalii yanayoufanya mchezo huo kuwa rika moja na kuta.

Mwanzo wa ajua haufanani na ule wa sataranji. Mwenye vikosi vyeupe katika sataranji ana hatua 20 za kuchagua katika zamu yake ya kwanza, ilhali mchezaji wa ubao wa safu mbili hana chaguo zaidi ya idadi ya vishimo vya upande wake. Uchache huo hauurahisishi mwanzo, kwani kete zote za pande zote mbili zimo mchezoni tayari na hakuna kilichofichwa nyuma, hivyo kuchota kishimo kimoja hubadilisha hesabu ya kila kishimo kinachopitiwa. Tena, mianzo ya namna hii haihitaji kuandikwa ili irithiwe: anayekaa kando ya wazee akitazama mchezo baada ya mchezo hukariri kishimo kipi hufunguliwa kwanza, na kipi kikiguswa mapema humpa mwenzake karamu.

Waswahili wa pwani wameuweka mwanzo wazi zaidi kwa kuutenga na sehemu nyingine za mchezo. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku kete 22 akizishika mkononi ili aziingize moja moja. Hatua hiyo ya kunamua ni ufunguzi kamili, na anayeshindwa kabla hajamaliza kete zake huhesabiwa kufungwa mkononi, fedheha ambayo hairuhusu visingizio. Wanaoanza hupewa bao la kujifunza, ambapo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huingia moja kwa moja katika mtaji, yaani hatua ya pili. Kwa maneno mengine, walimu wa pwani waliamua kwamba mwanzo ndio somo gumu, na mwanafunzi asibebeshwe siku ya kwanza. Uamuzi huo wa ufundishaji unastahili heshima iliyopewa vitabu vya mianzo vya Ulaya.

Tamati ndiyo sehemu inayoufanya ubao wa safu mbili ukaribie hisabati. Kete zikipungua, mikono huwa mifupi na mchezaji hukoma kuwaza juu ya kula tu. Huanza kuhesabu hatua zilizosalia kwa kila upande. Chukua mfano mwepesi wa kupanda bila kuchota tena pale mkono unapoishia: kete moja iliyo peke yake kishimo cha nne kutoka ukingoni huweza kusogezwa hatua tatu ikiwa bado nyumbani, na ya nne huivusha kwa adui. Mwenye kete kama hiyo anaweza kungoja, wakati mwenzake, ambaye kete zake zimekwisha kufika ukingoni, analazimika kuzitoa kwa mkono wake mwenyewe. Wachezaji wa sataranji wanaijua vizuri dhiki hiyo ya kulazimika kusogea wakati kukaa kimya kungekuwa salama, na sehemu kubwa ya tamati zao za mfalme na askari imejengwa juu yake.

Hesabu hiyo imefanywa hadi kikomo kwa mchezo mmoja wa jamaa hii. Mwaka 2002, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walitumia kompyuta nyingi zilizounganishwa kuupitia mchezo wa awari, wenye vishimo 12 na kete 48, wakianzia tamati za kete chache na kurudi nyuma hadi mwanzo. Walikagua hali zaidi ya bilioni 889 na kuthibitisha kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa, mchezo huisha sare. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa ajua, kwa kuwa ubao wake ukiwa na vishimo 16 na kete tatu kila kishimo, una kete 48 vilevile, lakini mkono wa kwanza wa kete tatu haufiki unapofika mkono wa kete nne, na kanuni ya kula au ya kuendelea kuchota ikibadilika, hesabu yote huanza upya. Katika michezo ya jamaa hii kanuni hizo hutofautiana kati ya mahali na mahali, na ndiyo sababu wageni wawili wanaokutana ubaoni huulizana kwanza mkono unaishaje na nani hula nini, kabla ya yeyote kugusa kete.