Bei ya Uteuzi: Fedha, Wajumbe na Mgombea Binafsi kwa Mtazamo wa Babati

Mijadala kuhusu fedha katika siasa za Tanzania huelekezwa zaidi kwenye kampeni na siku ya kupiga kura. Makala haya yanadai kwamba kufikia hapo kazi kubwa huwa imekwisha kufanyika. Mwenye mali hupata nguvu mapema, katika kura za maoni za chama, ambako wapigaji kura ni wajumbe wachache na anayeshindwa hana njia nyingine ya kumfikia mwananchi.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. CCM ililegeza masharti hayo katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarejeshwa. Ushindani ulirudi, basi, wakati mpaka kati ya biashara na uongozi umekwisha kufutwa. Mwaka 2000 sheria ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata 2010. Sheria hiyo inagusa hata uteuzi, ila inategemea ushahidi ambao ni nadra kupatikana.

Tazama jimbo la Babati Vijijini. Mjumbe anayetoka Bashnet au Galapo kwenda mkutanoni anahitaji nauli na chakula. Noti ikikunjwa kiganjani huitwa nauli, na nauli haina risiti. Mfanyabiashara mwenye maghala ya mahindi na malori anaweza kuwahudumia wajumbe mia kadhaa. Wapiga kura makumi elfu wangemshinda. Mwalimu wa sekondari hawezi hata hao mia. Na mapato ya gharama hiyo yako karibu, kwani mbunge huketi pia katika baraza la madiwani, panapojadiliwa ushuru wa mazao na migogoro ya ardhi kama ile ya Bonde la Kiru, ambako wawekezaji na wanavijiji wamevutana kwa miaka mingi.

Cheo pekee si kinga. Mwaka 2012 Frederick Sumaye, Waziri Mkuu kuanzia 1995 hadi 2005, alishindwa kupata ujumbe wa Halmashauri Kuu ya CCM kupitia Hanang', wilaya jirani, akalalamikia rushwa hadharani. Hata tukiliweka kando suala la nani alikuwa na haki, mtu wa hadhi yake aliona kura chache zinaweza kuamuliwa na fedha.

Wapo wanaopendekeza wanachama wote wapige kura za maoni. CCM ilifanya hivyo 2010 na 2015, kabla ya kurudi kwa wajumbe 2020, mwaka ambao mtaani ulivuma usemi “wajumbe si watu”. Lakini uwanja mpana nao una gharama zake, na kadi za uanachama pia hununulika.

Dawa ni kuushusha thamani uteuzi wenyewe. Babati Mjini ilipomchagua mbunge wa Chadema 2015, ilionekana kwamba palipo na ushindani halisi tiketi ya chama kimoja haimhakikishii mtu kiti. Mgombea binafsi angeusambaza ushindani huo hadi kwenye majimbo yasiyo na upinzani imara. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliunga mkono haki ya kugombea bila chama katika shauri la Mchungaji Mtikila mwaka 2013, lakini sheria bado inadai chama. Tajiri naye angeweza kusimama peke yake, ni kweli. Ila angelazimika kuwashawishi wapiga kura wote, na hao ni ghali kuliko wajumbe.