Aminio na wenzake: wamisionari tusiowataja

Ukitaja neno mmisionari, wengi wetu tunaona Mzungu mwenye ndevu na kofia pana. Ndivyo tulivyofundishwa: Krapf, Rebmann, Livingstone, basi. Leo naomba tusafiri mbali kidogo, hadi bahari ya Pasifiki, kwa kijana mmoja wa Fiji aitwaye Aminio Baledrokadroka.

Mwaka 1875 Fiji ilikuwa msibani. Januari mwaka huo meli ya kivita ya Kiingereza, Dido, ilimrudisha mtawala Cakobau kutoka Sydney, na surua ikaingia pamoja nayo. Watu wapatao 40,000 walikufa katika miezi michache, zaidi ya robo ya wananchi wote. Ni katika kipindi hicho hicho mchungaji wa Kimethodisti George Brown alipotia nanga akitafuta watu wa kujitolea kwenda New Britain na visiwa vya jirani, sehemu ambayo leo ni Papua New Guinea.

Akaenda chuo cha walimu wa kanisa cha Navuloa. Hakuwaficha kitu: kule kuna homa, kuna vita, na kuna kuliwa. (Wafiji hawakuhitaji kuelezwa maana ya hilo la mwisho, babu zao walikuwa wakifanya hivyo hivyo.) Wakaambiwa wasijibu papo hapo, wakaongee kwanza na wake zao. Kesho yake wanafunzi wote, zaidi ya 80, wakajitolea, ikabidi wachache tu wachaguliwe.

Hapa ndipo habari inaponivutia mimi. Fiji ilikuwa na miezi michache tu chini ya Uingereza, na serikali ikapata wasiwasi. Mkuu wake wa muda, Layard, akawaita vijana wale akawauliza kama kweli wanajua wanakokwenda, au wamelazimishwa. Aminio akajibu kwa niaba ya wenzake: tunajua, tumeamua wenyewe, na tuko tayari kufa. Ukifikiria vizuri, alikuwa anamwambia mtawala mpya kwamba mtu mzima hahitaji kuombewa ruhusa.

Agosti 1875 wakashuka Port Hunter, kwenye visiwa vya Duke of York. Kazi ya mwanzo haikuwa mahubiri. Ilikuwa kujenga nyumba, kulima mashamba na kujifunza lugha mpya kwa kusikiliza. Brown alikuwa na meli ya kumtembeza huku na huko. Mwalimu wa Kifiji alibaki kijijini na mkewe, akiugua homa ya malaria, akiishi kwa hisani ya wakubwa wa pale. Na hao wake, waliotoka kwao kama waume zao, majina yao ni nadra kuyakuta vitabuni. Hilo linanikera.

Aprili 1878 yakatokea yale waliyoonywa. Mchungaji wa Kifiji Sailasa Naucukidi na walimu watatu waliuawa bara ya New Britain, wakaliwa. Aliyetajwa kuwa nyuma ya mauaji hayo ni mkubwa mmoja wa huko, Taleli. Dini haikuwa sababu pekee. Watu wa pwani walifaidika kwa kuwa katikati ya wafanyabiashara wageni na watu wa ndani, na walimu walipoanza kwenda ndani wenyewe, biashara hiyo iliguswa.

Brown naye akafanya jambo ambalo mpaka leo linabishaniwa: akakusanya wafanyabiashara na walimu, wakaenda kulipiza kisasi kwa bunduki, vijiji vikachomwa moto na watu wakafa. Magazeti ya Australia yalimshambulia vikali. Uchunguzi ukafanyika, lakini hakushtakiwa. Mimi sioni namna ya kumtetea, ingawa nakubali kwamba alihofia kila mwalimu aliyebaki angeuawa.

Aminio yeye hakuuawa, aliendelea na kazi.

Agosti 2007 maelfu ya watu walikusanyika karibu na Rabaul. Wazao wa waliowaua wale wanne wakaomba radhi kwa Fiji hadharani, na balozi wa Fiji, Ratu Isoa Tikoca, akapokea. Miaka 129 ilikuwa imepita.

Mwaka ule ule wa 1875, huku kwetu, Waafrika waliokombolewa utumwani walikuwa wanaanza maisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na baadhi yao wakawa walimu wa dini. Msomaji, unaweza kunitajia watatu tu bila kufungua kitabu?