Mrengo

Mrengo wa kushoto na wa kulia ni urithi wa viti vya bunge la Ufaransa, 1789. Huko Marekani, Keith Poole na Howard Rosenthal walikokotoa kura za wabunge na kumpa kila mmoja nafasi kwenye mstari wa kushoto hadi kulia. Mpiga kura huulizwa tu ajiweke mwenyewe kwenye mstari huo. Kwetu Lubumbashi "mrengo" haushiki. Mwaka 1960 chama cha Conakat cha Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo letu la Katanga, na ubishi wake na chama cha Balubakat cha Sendwe ulikuwa huu: jimbo lijitawale, au Kongo ibaki moja? Huo ni mstari mwingine kabisa. Napendelea neno "msimamo", mtoto wa kusimama: umesimama wapi, na kando yako kasimama nani?