Kukwama kwa ganda la risasi kwenye kalibu

Ganda la shaba njano hutanuka risasi inapofyatuliwa. Ili lijazwe upya, husukumwa ndani ya kalibu ya chuma inayolibana lirudi kwenye kipimo chake. Lisipopakwa mafuta ya kutosha hunata humo, na mkono wa mashine ya kujazia risasi ukivutwa kwa nguvu, ukingo wa kitako hukatika. Kugongagonga huharibu kalibu. Fundi huhakikisha hakuna baruti wala fataki, hulegeza sindano iliyo ndani ya kalibu, hutoboa tundu la fataki kwa keekee na kulichonga nyuzi. Kisha hukaza bolti juu ya washa, taratibu, hadi ganda lichomoke.

Gobore, silaha ya zamani ya wawindaji wa Iringa na Mbeya, halina shida hiyo: baruti na goroli hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Lakini huko Lugalo, Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa chifu Mkwawa walimuua kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski na kuteka bunduki za Kijerumani zilizohitaji risasi za ganda. Bunduki ya namna hiyo, risasi zikiisha, ni rungu tu.

Tanzania inasimamia silaha na risasi kwa sheria ya mwaka 2015. Asiye na kibali asiiguse kazi hii ya kujaza risasi upya.