Maana ya Neno Uhuru



Neno uhuru lilitamkwa sana katika zama za wazee wetu, lakini si wote walitamkao hukusudia jambo moja. Yafaa tulichungue.

Asili yake ni neno la Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Ni kwa maana hiyo Abubakari alimnunua Bilali akamwacha huru. Huko Unguja, amri ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumfungua mtumwa papo hapo. Ilimpasa aende kuuomba uhuru wake, ndipo apewe hati.

Mwenye kuzaliwa huru aliitwa muungwana. Walioandamana na misafara ya biashara hadi Kongo ya mashariki walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa wa asili ya utumwa. Na Kiswahili cha huko, ng'ambo ya mto wetu Ruzizi, kikaitwa Kingwana. Leo muungwana ni mtu mwenye adabu njema: jina la nasaba limekuwa jina la tabia.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Rwanda tarehe 1 Julai 1962, neno lilikuwa limekwisha kupanuka: aliyefunguliwa sasa ni nchi nzima. Kinyarwanda hutenga mambo haya mawili. Ubwigenge ni wa nchi. Ukwishyira ukizana, yaani kujipeleka na kujileta mwenyewe, ni wa mtu. Kiswahili huyafunga yote katika neno moja, na hapo ndipo mtu huweza kudanganyika.

Wakati wa Wabelgiji, Waislamu walitengewa mitaa yao, kama Biryogo mjini Kigali, na kutoka humo kulihitaji ruhusa. Hao walifahamu vema thamani ya kujipeleka na kujileta. Kisha nchi ikajitawala, na neno uhuru likaandikwa kwa Kifaransa katika nembo ya taifa. Hata hivyo, mwaka 1994, chini ya nembo hiyo hiyo, Watutsi waliuawa kwa halaiki nchini kote, na hapa Cyangugu pia. Dola ilikuwa huru, lakini raia wake hakuweza kuvuka kizuizi cha njiani akasalimika.

Basi tulisikiapo neno hili, tuulize: ni uhuru wa nani? Hati hutolewa na baraza, bendera hupandishwa na serikali. Bali uungwana wa kumwacha jirani apite salama ni wajibu wa kila mmoja wetu.